Makoti ya Plastiki ya Kunguru

Mke wangu nilimbandika jina la Kunguru tangu tulipooana, kwa sababu ya woga wake, na hakulikataa. Aliogopa mbwa, hata aliyefungwa mnyororo. Aliogopa radi, mjusi, damu, na sauti ya yule mama wa redioni anayesoma habari za ajali. Kwenye misiba alikuwa wa kwanza kufika na wa kwanza kushika sufuria, lakini chumba chenye maiti haingii hata umvute kwa kamba. Nilikuwa nikimcheka. "Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake," namwambia. Naye hunijibu, "Basi nitaishi sana nikupikie, shukuru."

Alikuwa fundi cherehani. Baraza ya nyumba yetu tuligawana: huku yeye na cherehani yake, huku mimi na baiskeli za watu, maana mimi ni fundi wa pancha. Nina beseni langu la maji, gundi, mkasi na mipira mikuukuu ya kukatia viraka. Yeye vipande vyote vya kitambaa vilivyobaki alivitunza kwenye kiroba, na mtoto wa mtu akionekana kanisani na kaptula iliyochanika, Jumapili inayofuata ana kaptula nzima. Nilinung'unika, msinione hivi. Nilimwambia siku moja tutakula sindano. "Mungu alinipa mikono miwili," akasema, akiwa hata hajainua kichwa. "Mmoja wetu, mmoja wa watu." Angalau angeuliza ni upi wa kwetu!

Ndipo ikaja ile homa. Ilianza kama homa yoyote, kichwa na mgongo, kisha damu kwenye fizi, na aliyemgusa mgonjwa akamfuata. Hospitali ilijaa mpaka kwenye mahema ya uani. Bwana afya alipita mtaani na kipaza sauti akituonya tusimguse mgonjwa kwa mikono mitupu, wala nguo zake, wala jasho lake. Watu waliacha kupeana mikono. Mimi mwenyewe, na mdomo wangu wote huu, mteja akiniletea baiskeli niliimwagia klorini kwanza kabla sijaigusa, na yeye ninamwambia asimame kule.

Mtaani kwetu wa kwanza kuugua alikuwa Mama Mkaa. Aliuza mkaa nyumba ya mwisho kwenye safu yetu, peke yake, hana mume wala mtoto, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko shoka. Mke wangu alishatukanwa naye mbele za watu kwa ajili ya foleni ya bomba. Bwana afya akaja, akamtazama kutoka mlangoni, akatuambia ukweli. Hospitali hakuna kitanda, gari litakuja likipata nafasi. Akipatikana mtu mmoja wa kumnywesha maji na kumsafisha, anaweza kupona. Asipopata maji atakufa. Atakayeingia atoke akiruhusiwa tu. Aliacha kizingitini glavu, barakoa na ndoo ya klorini. Makoti ya kujikinga yalikuwa yamekwisha.

Akaondoka. Sisi tukabaki tunatazamana, kila mtu akakumbuka ana kazi ndani.

Sauti ya Mama Mkaa ilitufikia barazani. Alikuwa anaomba maji. Hakuita jina la mtu, alisema tu maji, maji, kisha ananyamaza, kisha anaanza tena. Nikaongeza sauti ya redio.

Cherehani ikasimama. Nilipogeuka nilimwona mke wangu amekaa, ameelekeza uso kule nyumba ya mwisho. Kisha akainuka, akachukua jora la plastiki nene ya kufunikia meza, akalitandaza na kuanza kukata.

"Unashona nini?"

"Koti."

"La nani?"

Akaendelea kukata, na mimi nikajua. Hasira zilinipanda mpaka utosini. Nikamwambia mengi, mengine si ya kurudia. Nikamkumbusha foleni ya bomba. Nikamwuliza kama kanisa zima halina mwanamke mwenye moyo mgumu mpaka aende yeye anayemkimbia mjusi.

"Naogopa," akasema. "Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Lakini yule mama anaomba maji, na sijasikia mahali Bwana aliposema waende wasioogopa."

Nikarudi kwenye baiskeli yangu, nikajifanya nafunga nati ambayo ilikuwa imefungwa tayari.

Alishona makoti mawili, moja la kuvaa na moja la kubadilisha, marefu mpaka miguuni, yenye kofia. Na alivyoyashona! Kila mshono aliurudia mara ya pili, sawa na anavyoshona sare za wanafunzi zisifumuke. Akavaa moja, akajifunga kiunoni, akavaa glavu na barakoa. Akasimama kidogo ameinamisha kichwa, akaongea na Mungu wake kimoyomoyo. Alitetemeka mpaka plastiki ikawa inachakarika. Kisha akashika njia. Katikati ya barabara alikuwa amelala mbwa, amejifia kwa usingizi, na mke wangu anayekwenda kwenye homa ile akamzunguka kwa mbali, akapita karibu na ukuta. Nilitaka kucheka, kicheko hakikuja.

Nikabaki na lile koti la pili, limetundikwa msumarini. Sasa fundi wa pancha ana ugonjwa wake: kitu chochote cha mpira au plastiki akikishika, lazima akipime kama kinavuja. Sikuwa na nia yoyote. Mikono tu ilitaka kazi. Nikaufunga mwisho wa mkono mmoja wa lile koti kwa uzi, nikachota maji ya beseni nikayamimina humo ukajaa, nikauinua.

Kwanza hakuna kitu. Kisha mshono ukatoa jasho. Vitone vidogo vikajipanga mstari mzima, kimoja kwa kila tundu la sindano, vikakua, vikaanza kudondoka juu ya miguu yangu. Na kwa kuwa mshono ulikuwa umerudiwa, mistari ilikuwa miwili. Kitambaa ukikirudia unakiimarisha. Plastiki ukiirudia unaitoboa upya. Lakini fundi cherehani angejuaje, lini aliwahi kutia maji ndani ya gauni? Na mimi niliyejua nilikuwa nimekaa pembeni yake nimenuna, sikulitazama lile koti hata mara moja.

Sijui nilifikaje kwenye dirisha la Mama Mkaa, ila najua nilikuwa nimelishika lile koti na maji yananichuruzika mapajani. Nikaligonga dirisha. Mke wangu akalifungua kidogo. Nyuma yake Mama Mkaa alikuwa amelazwa ubavu, amesafishwa, ndoo iko karibu. Koti la mke wangu lilikuwa linameta maji kuanzia kifuani mpaka chini.

"Umelowa ndani?" nikauliza.

"Kidogo tu. Kifuani na kwapani. Si nimemwogesha?"

Nikamwonyesha mkono wa koti, ule mstari wa vitone. Hakuhitaji kuelezwa, ni fundi. Aliutazama mshono wake mwenyewe, akajitazama kifuani, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Macho yake juu ya barakoa sitaki kuyakumbuka.

"Toka," nikamwambia. "Toka sasa hivi."

"Nikitoka nakuja kwako."

"Njoo!"

"Maji yameshamwagika, mume wangu." Alikuwa analia huku anasema. "Kama yamenipata, yameshanipata. Nikija kwako utaugua, na huyu atakufa kwa kiu. Na atakayeingia badala yangu naye atalowa upya. Usinifokee, tafadhali. Naogopa. Nenda kalizibe hilo koti uniletee."

Nikaenda. Nilikata mipira ya ndani ya baiskeli vipande vyembamba virefu, nikasugua kila mshono, nikapaka gundi, nikabandika, huku vidole vinagandana vyenyewe. Nikijaza maji, panavuja. Nabandika tena. Jua lilizama nyuma ya nyumba za watu bado napima, mpaka mkono mzima ukakaa na maji bila kutoa jasho. Lilikuwa koti baya kupita yote duniani, limejaa mistari myeusi kama punda milia. Nikalisukuma kizingitini kwa mti mrefu, naye akalichukua.

Baada ya hapo maisha yangu yakawa dirisha lile. Kila asubuhi nasimama nje, roho mkononi, linafunguliwa, ananiambia, "Bado." Maana yake homa bado haijampata. Nikilisikia hilo neno nakunywa chai. Nisipolisikia mapema nakuwa nimeshamzika. Mchungaji alikuja akaomba kutoka barabarani, kina mama wa kanisa wakaacha uji na kuni. Siku moja nikasikia Mama Mkaa anagomba kwamba uji hauna sukari, na ni nani aliyeupika, na kama alifundwa na mama yake. Nikacheka peke yangu. Mgonjwa anayetukana huyo anapona.

Kisha asubuhi moja dirisha lilifunguliwa na aliyesimama pale ni Mama Mkaa mwenyewe, amekonda, ameshikilia fremu kwa mikono miwili.

"Shemeji," akasema. "Imempata."

Nikasogea karibu na dirisha.

"Anatapika tangu alfajiri. Nataka kumnyanyua anywe, mikono haina nguvu. Nammwagia maji puani." Akanitazama. Mwanamke mwenye maneno kwa kila kiumbe, safari hii hakuongeza hata moja. Akanyoosha mkono dirishani na kuliangusha nje lile koti la viraka, limefuliwa kwa klorini, bado la moto kwa jua la dirishani.

Nilimpigia simu bwana afya. Akasema gari lipo njiani. Njia ipi, sijui, maana jua lilipanda na halikuja. Majirani walikuwa milangoni kwao wananitazama mimi na lile koti. Hakuna aliyesema niende, hakuna aliyesema nisiende. Nikalivaa, pamoja na glavu na barakoa zilizobaki kizingitini. Nikafika mlangoni, nikashika komeo, na hapo mwili ukagoma. Ninasema kweli, nilisimama pale kama gogo. Nilitafuta sala. Mke wangu alikuwa nazo nyingi, mimi sikuipata hata moja, isipokuwa neno lake lile lile: naogopa, naogopa, naogopa. Nikamwambia Mungu hivyo, nikifoka kidogo, maana nilikuwa na hasira naye pia. Komeo likainuka.

Alikuwa kwenye mkeka karibu na ukuta. Aliponiona na lile likofia na barakoa, akajifunika shuka usoni.

"Nani?"

"Mimi."

"Nani mimi?"

"Mume wako, Kunguru. Nani mwingine atavaa takataka hii?"

Akashusha shuka. Macho yalikuwa mekundu. "Toka," akasema, sauti imebaki kidogo sana. "Utaugua. Toka, nakuomba."

Nikapitisha mkono chini ya shingo yake, nikamwinua, nikamwekea kikombe mdomoni. Akanywa kidogo kidogo. Mama Mkaa alikuwa amekaa kwenye kona anatulilia wote wawili. Nilipotaka kumlaza tena ili nichote maji mengine, mke wangu akaushika mkono wa koti langu.

"Usitoke," akasema.

"Sitoki. Ndoo iko hapa hapa."

"Inavuja?"

"Nini?"

"Mishono."

"Imeshika vizuri."

"Nilishona vibaya."

"Mama Mkaa mzima huyo hapo," nikamwambia. "Usiseme ulishona vibaya."

Hakuuachia mkono wa koti. Nilimnywesha, akatapika, nikamfuta, nikamnywesha tena, kwa mkono mmoja, kwa sababu wa pili ulikuwa wake. Jua lilipokuwa linashuka aliacha kumeza. Niliendelea kumwekea kikombe mdomoni mpaka Mama Mkaa akaja akaniondolea kikombe, akamfumba macho.

Gari lilifika. Wakaingia watu waliovaa mavazi mazima meupe, wakaniambia nimfungue vidole, wana kazi ya kufanya. Niliogopa kumfungua vidole vile kuliko nilivyoogopa kuingia.