Wimbi Alilolisubiri Daktari wa Meno

Nimezaliwa Pongwe, na bahari nilikuwa naijua kama watu wa Pongwe wanavyoijua: sikukuu za Idi, kwa mbali, aiskrimu mkononi. Kwa hiyo mpaka leo sielewi kwa nini mama mmoja wa Chumbageni, aliyejenga nyumba ya wageni ufukweni karibu na njia ya kuingilia bandarini, aliniajiri mimi nitangaze hali ya mawimbi.

Kila siku baada ya swala ya alfajiri nilishuka pwani, nikatazama mwambani ambako maji huvunjika, kisha nikarudi kuandika kwenye kibao cheusi kilichotundikwa barazani: mawimbi ya leo yakoje. Mtoto wa mama huyo, aliyeko Ulaya, ndiye aliyemwambia kwamba wageni wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao hukaa siku nyingi na hawasumbui kuhusu chakula. Hakumwambia kwamba kisiwa cha Pemba kimejilaza mbele yetu kama mtu aliyelala mlangoni, na mawimbi makubwa hayapati pa kupita.

"Neno 'hakuna' usiliandike," mama aliniagiza. "Mgeni akisoma hakuna, anafungasha."

Basi nikaandika. Madogo, yenye adabu. Siku ya pili: Yako njiani. Kuna asubuhi maji yalitulia hata kunguru akawa anajitazama ndani yake, nikaandika: Mawimbi yapo, ila chini.

Mgeni pekee aliyeamini maneno yangu alikuwa daktari wa meno kutoka Moshi, mtu mzima, mpole, mwenye kipara. Mchezo ule wa ubao alijifunza alipokuwa masomoni nje, na tangu arudi nyumbani ubao wake ulikuwa unakaa juu ya kabati la nguo. Alichukua likizo yake yote akaja nayo kwetu. Asubuhi ya kwanza alisoma kibao, akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, akaubeba ubao kwapani, akaenda kukaa juu yake pale mwambani. Akakaa mpaka adhuhuri, miguu ikining'inia majini.

"Vipi, daktari?" nilimuuliza aliporudi.

"Dalili zipo," akasema.

Kesho yake wavuvi walimwokoa. Siwalaumu. Wamemkuta mtu na kipara chake, peke yake baharini juu ya kipande cha ubao, hana kasia, hana tanga, hana wavu. Wakajua chombo chake kimezama na hicho ndicho kilichobaki. Wakamtupia kamba, wakamvuta mpaka mchangani, wakampa pole na muhogo wa kuchoma. Daktari aliona haya kuwakatalia. Siku iliyofuata akaokolewa na ngalawa nyingine, na iliyofuata nyingine tena, maana kila chombo kilitaka thawabu yake.

"Lakini waambie ukweli," nikamshauri.

"Nimewaambia. Wanasema mshtuko ndio unaonisemesha hivyo."

Mambo yalibadilika siku alipookolewa na nahodha mmoja aliyevimba shavu. Daktari, akiwa bado ameshika kamba, akamwambia afungue mdomo. Akamwinamisha kichwa, akamchungulia, akambonyeza fizi kwa kidole, akamweleza jino gani linataka kung'olewa hospitali na lipi linaweza kuzibwa. Habari zikafika kijijini kabla yao. Asubuhi yake ngalawa zilipanga foleni mwambani, na ndani ya kila moja mmekaa mtu ameachama akilielekea jua.

Mama wa Chumbageni alipoona umati ule alifurahi sana. Alidhani ni wageni.

Nilimuuliza daktari kwa nini asiwaone barazani, kwenye kiti. Akaniambia mwambani mwanga ni mzuri, unaingia mpaka kwenye magego ya mwisho. Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba wimbi likija anataka awe tayari yupo.

Hapo ndipo huruma iliponishika. Nikampigia simu shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayeendesha winchi bandarini, nikamweleza shida.

Akacheka mpaka akakohoa. "Wimbi? Hilo si wimbi la Mungu mnalotafuta hapo. Subirini meli. Meli kubwa ikipita kwenye mkondo inasukuma maji yote hayo mpaka mwambani kwenu. Kesho asubuhi inaingia moja."

Niliandika kibaoni: Wimbi ni kesho, meli ikiwasili salama. Daktari aliposoma alinishika mkono. Usiku huo hakula chakula cha maana.

Asubuhi maji yalikuwa yamepwa. Bibi mmoja wa kijijini, mchokoa pweza, alikuwa anatembea juu ya mwamba na chuma chake na ndoo yake, dera amelipandisha magotini. Yeye na daktari walikuwa wamezoeana. Maji yakianza kujaa, daktari humpakia juu ya ubao pamoja na ndoo, akausukuma mpaka pwani. Siku hiyo maji yalianza kurudi, bibi akaja kukaa ubaoni kupumzika. Daktari akamwachia nafasi akahamia kwenye ngalawa ya jirani, maana nahodha wa shavu alikuwa amerudi, na uvimbe umehamia upande wa pili.

"Fungua," nilimsikia akisema. Nilikuwa nimesimama mwambani, maji ya ugoko, nimeshika viatu vyangu.

Meli ikatokea. Ikapita polepole, kubwa kama mtaa mzima wa Ngamiani umeng'olewa na kuwekwa majini. Ilipokwisha kutupita, bahari ikavimba. Mstari mmoja mweusi ukaja kwetu, ukainuka ulipogusa mwamba.

"Daktari!" nikapiga kelele. "Ndilo hilo!"

Daktari akageuka kuruka. Ngalawa ikayumba, nahodha akaogopa, na mtu akiogopa hufunga mdomo. Kidole gumba cha daktari kilikuwa bado ndani.

Wimbi likamchukua bibi. Aliwahi kujilaza kifudifudi, mkono mmoja umeukumbatia ubao, mwingine umeikumbatia ndoo, na akaenda. Alikwenda mbio mbele ya lile povu, dera limejaa upepo, akipiga shahada kwa sauti ambayo mpaka wapishi walitoka jikoni. Alipita ngalawa zote na midomo yao yote. Ubao ukapanda mchangani, ukasimama karibu na baraza. Akainuka, akatazama ndani ya ndoo. Pweza wote walikuwemo.

Tulipomfikia bibi, daktari alikuwa amefunga kidole kwa kitambaa, macho yamemwiva. Nikadhani atalia.

"Shikamoo, bibi," akasema. "Ilikuwaje?"

"Marahaba, mwanangu." Alihema kwanza. "Ilikuwa kama kubebwa na mtu asiyekujua."

Daktari alikaa chini kwenye mchanga, akamwomba amsimulie tena tangu mwanzo, na yeye akamsimulia, akionyesha kwa viganja vya mikono.

Meli nyingine ilikuja mwisho wa wiki hiyo. Safari hii wagonjwa waliambiwa wangoje pwani, na daktari alipata wimbi lake. Alisimama vizuri kabisa, mikono ameitandaza, kipara kinang'aa, kisha akaanguka. Akaibuka anacheka, pua inatiririka maji. Bibi alimpita kwenye wimbi lilelile, amejilaza juu ya mlango wa kabati la mtu, akamgeuzia uso.

"Sasa na wewe," akamwambia, "nani kakwambia usimame?"