Mpira Uliokuja kwa Mwendo wa Wazee

Mpira wa kasi haukuwahi kunisumbua. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu niliosoma nao wangali hai na watanisuta nikidanganya. Nilikuwa kipa wa mpira wa magongo katika shule ya sekondari ya wasichana pale Karatu, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mpira ukipigwa kwa hasira, mguu wangu ulikuwa umeshafika kabla sijajua nimeamua nini. Ulionishinda ni ule mwingine, unaojikokota chini, unagonga kokoto, unasita, unaendelea, kama mtu aliyetumwa dukani na hana hamu ya kufika. Huo ulinifunga karibu kila wiki.

Mchezo wenyewe tuliletewa na mwalimu wetu wa jiografia, Mwiraqw wa upande wa Mbulu, mwembamba, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde. Sote tulimwita Madam. Aliucheza chuoni, akaupenda, na alipopangiwa shule yetu alishuka kwenye basi na begi moja la nguo na gunia lenye magongo manane. Mengine alituchongea fundi seremala wa shule kwa mzeituni wa porini. Yalikuwa mazito kiasi kwamba ukigongwa kifundo cha mguu na gongo la fundi, ulichechemea mpaka likizo.

Vazi la kipa lilikuwa kituko. Miguuni nilifungwa vipande vya godoro la bwenini lililochakaa, vikashonewa ndani ya viroba vya unga na kukazwa kwa tyubu za baiskeli. Kichwani nilivaa helmeti ya pikipiki ya mwalimu wa kilimo, ambayo ilinuka petroli na jasho lake. Katikati, kwa amri ya matroni, ilining'inia sketi yangu ya shule, maana alisema hata kipa ni binti wa watu. Nikisimama golini nilionekana kama mzigo uliosahauliwa na lori. Lakini nilijiona malkia, na atakayesema nilikuwa na maringo hatakosea.

Sasa huo mpira wa polepole. Kosa langu lilikuwa dharau. Mshambuliaji anainua gongo, mimi nimeshajirusha kwa jinsi gongo lilivyoinuliwa, kumbe amegonga utosi wa mpira tu. Niko chini upande wa kushoto, uso umejaa vumbi jekundu, na mpira unapita kulia taratibu, hauna mashaka wala haraka. Au nitauona mapema, nitawaza ninavyotaka kuupiga uende mbali, na wakati bado nawaza, unapita katikati ya miguu. Wenzangu walisema wataniandikia neno KARIBUNI juu ya goli. Nilikasirika, nikawanunia siku mbili, na siku ya tatu nikafungwa tena vilevile.

Aliyefurahia zaidi alikuwa kipa wa akiba, ambaye pia alikuwa rafiki yangu wa kitanda cha juu. Alikuwa Mchaga, wazazi wake walihamia Karatu kutoka Kilimanjaro na kuuza vipuri vya magari ya watalii. Kila baada ya mazoezi aliyapima yale magodoro miguuni pake, akizunguka bwenini na kusema yanamkaa vizuri kuliko mimi. Nilimwambia asubiri nife kwanza. Akasema hana haja ya kusubiri kifo changu, mpira mmoja wa polepole unamtosha.

Nyumbani kwetu ni Kakesio, mbali kule ndani ya hifadhi ya wanyama, na mimi ni binti wa Kimaasai niliyelelewa kwa adabu zetu. Mtoto akikutana na mzee hampi mkono. Anamwendea, anainamisha kichwa, anatulia mpaka mzee amguse utosini na kumsalimu, ndipo anapoinuka. Huondoki kabla, huinui macho kabla, na humwachi mzee amesimama anasubiri kichwa chako. Hili halikufundishwa kwa maneno. Lilikuwa mwilini kama kupiga chafya.

Uwanja wetu ulikuwa nje ya uzio, na njia ya kwenda mnadani ilipita nyuma ya goli la upande wa magharibi. Goli halikuwa na wavu. Alasiri moja tulikuwa tunacheza na kidato cha nne, mimi nimesimama kwenye goli hilo, akatokea mzee wa Kimaasai na shuka lake na fimbo. Simfahamu mpaka leo. Bila shaka alishangaa kuona mtu mwenye helmeti na miguu ya godoro, akasogea mpaka ubavuni mwa mlingoti, akanisemesha kwa Kimaa kuuliza kama kuna mtu humo ndani.

Nilifanya ulichofanya mwili wangu. Nikavua helmeti, nikaweka gongo chini, nikainamisha kichwa. Mzee akanigusa utosini, "Takwenya," nami nikaitika, "Iko." Na hapo chini, mbele ya macho yangu niliyoyaelekeza ardhini kwa heshima, nikauona mpira ukija. Uligonga kokoto. Ukasita. Ukapita kando ya kidole changu kikubwa cha mguu, ukavuka mstari wa majivu, ukasimama karibu na makubazi ya mzee.

Mzee akauokota, akaugeuzageuza, akanirudishia kwa upole akidhani nimeuangusha.

Uwanja mzima ulianguka kwa kicheko. Rafiki yangu alilala chini kabisa, akipiga ardhi kwa viganja. Mimi nilitamani ardhi ile ipasuke inimeze na helmeti yangu. Madam peke yake hakucheka. Alikuja mpaka golini, akasubiri mzee aende zake, akaniambia niiname tena kama nilivyoinama. Nikadhani ni adhabu. Nikainama.

Akanizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe. Visigino vyangu vilikuwa vimegusana. Magoti yamelegea kidogo, kichwa kimetangulia mbele ya vidole vya miguu, macho chini, mikono imeshuka mbele. Kumbe kwa muhula mzima alikuwa akinifokea nisimame hivyohivyo, na mimi nilikuwa sielewi anataka nini. Akachukua mpira, akauviringisha kwa mkono, polepole. Ukaja, ukagonga godoro, ukafa miguuni pangu.

"Mpira wa namna hii ni mzee," akasema. "Hukimbilii kumdaka, wala humpi kisogo. Unainama, unatulia mpaka akufikie."

Nilielewa palepale, na nilifurahi. Lakini Madam hakuwa mtu wa kuacha furaha ikae muda mrefu. Akasema baada ya wiki tatu wasichana wa shule moja ya Arusha mjini wanakuja kucheza nasi, na siku hiyo nikifungwa bao moja tu la polepole, goli ni la kipa wa akiba mpaka nimalize shule. Alisema mbele ya wote ili asije akalainika baadaye.

Nililia kidogo chooni. Kisha nikaanza kazi, na sitaficha aliyenisaidia ni nani. Zamu yetu ya jikoni iliangukia wiki ileile, na kazi yetu ilikuwa kumenya viazi mviringo. Rafiki yangu, yuleyule aliyelitaka goli langu, alikaa upande mmoja wa korido ya jikoni na debe la viazi, akawa ananiviringishia kimoja kimoja. Kiazi hakiviringiki sawa. Kinayumba, kinageuza njia, kinasimama kisha kinakumbuka safari. Nikawa nainama, visigino pamoja, nasubiri. Nilimuuliza kwa nini ananifundisha wakati anataka nishindwe. Akasema kwao wamezoea biashara, na ushindi wa bure hauna raha. Mpishi alitufukuza mara mbili, na jioni tulikula viazi vyenye michubuko ambavyo mimi niliviona vitamu kupita vyote.

Wageni walifika Jumamosi na basi lililopauka kwa vumbi. Walikuwa na soksi zinazofanana na kipa mwenye vifaa vya dukani, na walipoyaona magodoro yangu walikanyagana miguu kwa kujizuia wasicheke. Nikawachukia kwa moyo wote, jambo lililonisaidia sana. Walipiga mashuti makali, nami nikayafukuza moja baada ya jingine. Mara mbili walijaribu ya chini, taratibu, nikainama na kuyapokea. Katikati ya kipindi cha pili tukapata bao. Karatu nzima, kwa maana ya wasichana wa shule yetu na akina mama wawili waliokuwa wakiuza ndizi, ikapiga vigelegele.

Zikiwa zimebaki dakika chache, nikasikia Kimaa nyuma yangu. Niligeuza kichwa kidogo tu. Ni baba.

Alikuwa ameleta madume mawili mnadani, pamoja na wazee wawili wa rika lake, na mlinzi wa shule alikuwa amemwelekeza uwanjani. Sikuwa nimemwona tangu Januari. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye mlingoti wa goli, hatua mbili kutoka nilipo, akasimama pale, wenziwe nyuma yake. Helmeti haikumbabaisha, baba anamjua mtoto wake kwa mabega. Alisimama kama mzee anavyosimama anapokiona kichwa kilichomkawilia.

Wakati huohuo mshambuliaji wao akaingia ndani ya nusu duara ya majivu mbele ya goli, akainua gongo mpaka juu ya bega, akapiga. Alipiga udongo zaidi. Mpira ukatoka humo ukiwa umechoka, chini kabisa, ukaanza kunijia.

Nina hakika haukuchukua zaidi ya pumzi tatu, lakini niliweza kuwaza mengi. Niliwaza baba yangu amesimama mbele ya rika lake bila kusalimiwa na binti yake mwenyewe. Niliwaza goli. Kwa kweli niliogopa, si kidogo. Shingo yangu ilitaka kugeuka kwa baba, ilitaka kwa nguvu zote. Nikaizuia. Nikaleta visigino pamoja, nikauinamia mpira.

Uligonga kokoto na kugeuza njia kama kiazi. Nikaufuata kwa hatua moja ndogo, kichwa chini, nikangoja. Ukanigusa godoro la kulia, ukatulia. Nikaupiga teke ukaenda mpaka kwa akina mama wa ndizi.

Mchezo haukuishia hapo, na nilicheza dakika zile zilizobaki nikiwa nimempa baba mgongo, jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla wala baada. Filimbi ilipolia, wenzangu walinijia wote kwa pamoja. Rafiki yangu alifika wa kwanza, akanirukia, akaniambia sikioni kwamba magodoro hayo yananuka na hayataki tena. Madam alinipiga bega mara moja akasema goli ni langu. Niliwasikia, nikafurahi, lakini macho yangu yalikuwa kwenye mlingoti.

Nikavua helmeti, nikaenda, nikainamisha kichwa. Mkono haukuja. Nilibaki nimeinama nikitazama makubazi yake. Mmoja wa wazee wale akasema kwa Kimaa, si kwa ukali, kwamba shule imeyala masikio ya mtoto huyu, baba yake anafika na yeye anainamia kitu cha kuchezea. Baba alinigeukia. Aliniuliza mimi.

"Uliniona nilipofika?"

"Nilikuona, baba."

"Na kile kitu kilikuwa kinakuja."

"Ndiyo."

"Kilikuwa kidogo. Na kilikuwa kinakuja polepole."

Nikasema ndiyo tena. Akaitazama njia uliyopita ule mpira, anavyowatazama mbuzi jioni wanapoingia bomani. Kisha nikausikia mkono wake utosini, mzito na mkavu, na haukuondoka upesi.

"Mbuzi anayekimbia kila mtu anamwona," akawaambia wenziwe. "Wanaotupotea ni hawa wa polepole. Mtoto alikuwa anachunga."

Yule mzee akasonya kidogo, kisha akacheka, akanyoosha mkono naye akanigusa kichwa, na wa tatu vilevile. Nilipoinuka, machozi yalikuwa yamenichorea mistari kwenye vumbi la uso, na sikujali nani ananiona, hata wale wa Arusha. Baba alikuwa ameshaokota gongo langu. Alilipima uzito, akaligonga kwenye mlingoti kusikia mlio wake, akasema mti wenyewe ni mzuri ila aliyeuchonga hajawahi kuchunga. Halafu akaniuliza kama kesho tutacheza tena, maana madume hayajauzwa bado, na yeye hana haraka ya kurudi Kakesio.