Mwenye Godoro wa Mubi

Sema utakavyo, mimi nilimwona kwa macho yangu, asubuhi, tumboni sina hata chai, seuze pombe. Tena nina shahada mbili, ambazo siku ile hazikunisaidia kitu.

Nina ugonjwa wa wasomi wenye vitambi: nikisafiri ugenini, lazima nikimbie. Nimekimbia Kairo, nimekimbia Delhi, nikapenga kamasi nyeusi kama masizi. Lakini nilikokinai ni Mubi, kule Walikale, mashariki ya Kongo, miaka ya vita. Malori yalinguruma tangu alfajiri, jenereta zikitema moshi, na kila duka likichoma plastiki mbele ya mlango wake. Hewa ilikuwa na ladha, unanielewa? Ladha ya mafuta yaliyochacha.

Mama mwenye nyumba ya wageni, mfanyabiashara wa Butembo, aliacha kufagia akaitazama kaptula yangu.

"Papa, unakimbia nini?"

"Mazoezi tu, Mama."

"Aa! Huku muntu hakimbiake bure. Bakikuona, batafunga magodoro bakimbie."

Nikacheka. Sikufika mbali. Mwanamke mmoja aliniona, akaacha sufuria ya maharage motoni, akambeba mwanawe, akakimbia. Jirani yake naye. Hakuna aliyeuliza: pale, mtu akikimbia, vita vimefika. Nikapiga kelele, "Mazoezi! Mazoezi!" huku bado nakimbia, mjinga mimi.

Hapo ndipo aliponifikia. Mwanamume, godoro la sponji kichwani, linachuruzika maji meusi ingawa mvua haikunyesha. Alinuka, niamini, kama panya aliyefia ndani ya mto wa kulalia. Moshi wa lori ukatufunika; mimi nikakohoa hadi kutapika. Yeye hakukohoa. Hakuwa anapumua. Na kwenye tope kulikuwa na nyayo zangu peke yake.

"Kaka," akaniuliza, "bale benye kutufuata iko wapi?"

Woga ukinishika huwa nafanya mzaha. "Wako nyuma yetu!"

Uso wake ukanywea kama utando wa maziwa yaliyopoa. Akachukua taulo shingoni mwangu, akapangusa mdomo, akanirudishia kwa adabu, likiwa linateleza. Kisha akaongeza mwendo, akazama ndani ya moshi.

Niliporudi, Mama alilinyanyua taulo lile kwa vijiti, akalichoma.

"Ulimujibu nini?"

Nilipomwambia, akakaa chini.

"Anaulizaka kila mwenye kukimbia. Anangojea neno moja tu: bamekwenda, tua godoro, lala. Siye hatumuambiake, sababu tungemudanganya. Batu banatufuata kweli. Lakini weye, Papa, mwenye hakuna muntu alikufuata, weye njo ungeweza kumuambia."

Miaka imepita. Kila asubuhi natema makohozi meusi, na madaktari wananiapia kwamba mapafu yangu ni safi. Katika kila mji, nikiinama kufunga kamba za viatu, harufu ya sponji iliyooza inanifikia kwanza. Bado nakimbia, ila si kwa ajili ya kitambi. Neno analolingojea ninalo mdomoni, lakini mimi mwenyewe ndiye niliyemfanya aongeze mwendo, na kwa mwili huu simpati.

Kwa hiyo wewe unayekimbia kwa raha zako katika miji ya wenye dhiki, akikutokea, usilete utani. Mwambie ukweli: hakuna anayekufuata. Mpokee godoro, hata kama linanuka.