Mlango Ubavuni mwa Mashua ya Vita

Sijawahi kuweza kukaa. Mama yangu, aliyenilea Bukavu kabla hatujarudi upande huu wa mpaka, huniambia, "Weye, unatembea-tembea ndani ya nyumba mpaka utamaliza sementi. Ikala chini, mwana wangu." Nakaa, nanywa chai nusu kikombe, kisha nimeshasimama dirishani natazama ziwa. Labda ndiyo sababu nilipewa usukani wa mashua ya doria yenye kasi kuliko zote tulizokuwa nazo Rusizi.

Aliyeichora alikuwa injinia mzaliwa wa Kamembe, mtoto wa ukoo wa mafundi seremala, aliyesomea ughaibuni akarudi. Kabla hajachora chochote alitujia sisi wanamaji kutuuliza kinachotuudhi. Nilimweleza jinsi nyavu za sambaza, wale dagaa wa ziwani, zilivyonasa pangaboi ya mashua yetu ya zamani, tukabaki tunaelea na bunduki yetu nzito huku tuliyemfukuza akitokomea.

Basi akaondoa pangaboi. Mashua mpya ilikuwa na pampu mbili zilizonyonya maji chini ya tumbo lake na kuyatema nyuma kwa nguvu. Siku ya kwanza niliirusha kuelekea kisiwa cha Nkombo, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Tatizo lilikuwa mwendo wa polepole. Nikipunguza mafuta ili niegeshe, ilitangatanga kama mbuzi aliyekata kamba. Niligonga gati mara mbili, afande wetu anatazama.

"Unainyima pumzi," injinia aliniambia. "Haina usukani mwingine ila maji inayoyatema. Ukitaka isimame, iache ingurume, kisha shusha nusu vile vikombe vya chuma vya nyuma vinavyogeuza maji. Nusu ya maji yataisukuma mbele, nusu yatairudisha nyuma."

"Nizidishe moto ili nisimame?"

"Ndivyo, Sajenti."

Sikupenda. Kila mara mkono wangu ulirudi kupunguza mafuta.

Tulikuwa bado kwenye majaribio, alasiri moja, upepo ulipoanza kuvuma kutoka kisiwa cha Ijwi na ziwa likageuka jeusi. Mlinzi wetu akaonyesha mtumbwi wa mbao karibu na miamba, mota imezimika, mwenye mtumbwi akihangaika nayo, umejaa wanawake waliotoka sokoni na ndizi zao.

"Twende," afande akasema.

Nikaenda kwa kasi yote, na mwili wangu wote ulitaka niendelee hivyo hadi niwafikie. Lakini wimbi letu lingewazamisha kabla ya upepo kufanya hivyo. Nikaanza kupunguza tukiwa mbali, na kule kupunguza kulinichoma kuliko hofu. Mtumbwi ulikuwa unasogea kwenye mwamba, nami natambaa.

Tulipokaribia, mashua ikaanza kutangatanga. Injinia, aliyekuwa ameshika nguzo nyuma yangu, uso umempauka, akapiga kelele, "Iache ingurume!"

Nikasukuma mafuta, nikashusha vikombe nusu. Injini zilinguruma hadi meno yangu yakatetemeka, maji yakachemka nyuma yetu, na mashua ikasimama. Ilisimama kweli, hatua chache kutoka kwenye mtumbwi, huku mimi nikiisogeza kwa ubavu kidogo kidogo. Wale wanawake hawakujua hayo. Waliona bunduki na kusikia ngurumo. Mmoja alisimama, akapunga mikono.

"Mutatuuwa! Muko nakuya kutuponda!"

"Ikala, Mama, tunakuya kubabeba!" nilimjibu, lakini hakunisikia.

Tukawavuta mmoja mmoja kwa mikono. Ubavu wa mashua yetu ulikuwa umeinuka juu, umejengwa kuzuia risasi, haukujengwa kupandisha mama mtu mzima aliyelowa. Yule aliyepiga kelele alivutwa wa mwisho. Nilisikia bega lake likifyatuka, na yowe lake likapita juu ya injini. Dakika chache baadaye mtumbwi ulipasukia mwambani na ndizi zikasambaa majini.

Tuliwashusha wote Nkanka wakiwa hai. Mwenye mtumbwi alikaa ufukweni akilia, na mama wa bega akapelekwa kituo cha afya. Kabla hajaondoka alinitazama na kusema, "Asante, mwana. Lakini mashua yenu iko nakosa mlango."

Injinia alimsikia. Kesho yake alimwomba afande ruhusa ya kukata ubavu.

"Utatoboa bamba la kuzuia risasi?" afande akauliza. "Hii ni mashua ya vita."

"Mlango utakuwa na bamba lake, Afande. Na siku mwanamaji wako akianguka majini, utampandishia wapi?"

Afande akachukua kalamu, akatia sahihi.

Mashua ikapandishwa bandani, nami nikabaki nchi kavu. Zilikuwa wiki za mateso. Nilifagia uani, nilipanga vyombo vya Mama upya hadi akanifukuza jikoni, nikaishia kwenda bandani kila asubuhi kuzunguka ile mashua na kuuliza itashuka lini. Injinia alivumilia siku kadhaa. Kisha akanitupia barakoa ya kuzuia vumbi na kipande cha msasa.

"Sajenti, kama kukaa kumekushinda, sugua hapo kwenye bawaba za mlango."

Nikakaa chini, nikasugua mpaka adhuhuri.