Mke Wangu, Mikono Juu

Wenzake kazini wanamwita Mikono Juu, utadhani ni jambazi. Mke wangu ni fundi pampu kwenye uwanja wa ndege za kuzima moto wa msituni. Anaunganisha mpira wa maji, anajaza tangi, anakagua tumbo la ndege, kisha anasimama mbele ya rubani na kuinua mikono yote miwili. Asipoinua, ndege haiondoki, hata rubani aote mapembe. Ni mwaka wa kumi na tisa huu, na yeye mwenyewe hajawahi kupanda ndege.

Mama mkwe haithamini kazi hiyo. "Nilikusomesha ukajaze maji?" humwuliza kila tukienda kumsalimu, nami hujifanya natafuna. Mimi ni fundi cherehani. Zamu yangu ya kusemwa ipo, sina haja ya kuiwahisha.

Siku ile mchana nilimpelekea chakula alichokisahau nyumbani. Kufika getini, naona moshi umekipanda kilima cha mama mkwe! Nikakimbilia ndani. Mke wangu alikuwa na simu sikioni.

"Mama, toka! Gari la kuwachukua limefika!"

"Nyumba nimeijenga kwa mikono yangu," mama akajibu, tukasikia sote. "Siuachii moto." Akakata.

Ndege ikatua. Sijapata kuona mtu akikimbia vile na mpira mzito kuliko yeye. Tangi likajaa. Msimamizi wake, mzee mwenye sauti ya kengele, akapaza: "Inua! Ngojangoja huumiza matumbo!"

Mke wangu hakuinua. Aliinama kuutazama mlango wa tumboni, ule unaofunguka angani kumwaga maji. Tone. Tone jingine. Akarudi mbele, akapishanisha mikono kifuani: zima injini.

"Tumbo la hii ndege tayari linaumwa," alisema. "Tone hapa chini ni bomba huko juu. Itafika nusu tupu."

"Nusu si haba! Kunaungua kwa mama yako!"

"Ndiyo maana nataka yafike yote. Rubani, mwaga!"

Tani tatu za maji zikaporomoka kwenye lami. Chakula chake kikaelea, na kiatu changu kimoja kikakifuata. Nilitaka kulia, nilitaka kumtikisa mabega. Yeye alishalala chali kwenye dimbwi, anapapasa ukingo wa mlango, hadi akachomoa kijiwe kidogo kama punje ya mahindi. Mlango ukafungwa. Mpira, pampu, tangi. Akapitisha kiganja chini ya tumbo: kukavu. Mikono juu!

Ndege ikapaa, nami nikashangilia kama mtoto. Kutoka uwanjani tuliiona ikiinama juu ya kilima na kuachia pazia refu jeupe. Lilikuwa zima, jamani, zima! Moshi mweusi ukageuka mweupe. Lakini simu ya mama iliita bila kupokelewa, mara ya kwanza, mara ya pili. Mke wangu akapiga tena.

Ya tatu ikapokelewa.

"Nguo zangu zote kambani zimelowa!" mama mkwe alifoka. "Na mimi, na kuku, na paa! Na moto wa nyuma ya choo umezimika, fyuu!" Akashusha sauti. "Mwanangu, maji haya umejaza wewe?"

"Mimi, mama."

"Basi kwa jirani bado kunawaka. Jaza nyingine."