Mama Aliyefunika Mikono

Juzi nilikuwa kwenye benchi la zahanati moja huko Kemambo wakati mama mmoja alipoingia kwa nesi, mikono ameifunika kwa khanga hadi vidoleni. Mlango ulibaki wazi, sisi tuliokuwa tukisubiri tukasikia yote.

"Majirani wanasema nimelogwa," alisema. "Hata ugali wangu hawali tena."

Nesi akaifunua ile mikono yenye vipele, akaishika, akaigeuza taratibu. "Inawasha lini zaidi?"

"Nikitoka kupulizia mahindi dawa. Jua likiipiga, inaungua kabisa."

"Unapopulizia unavaa nini?"

"Hivi hivi tu, dada."

"Basi mama, hujalogwa. Ni ile dawa ya shambani, na jua linaizidishia. Iache kwanza, vaa nguo ya mikono mirefu, upake krimu hii. Utapona, na wala haiambukizi."

Mama alifuta machozi, akatoka. Pale mlangoni akageuka, akauliza kwa sauti ili sote tusikie: "Umesema haiambukizi?"

"Haiambukizi!" nesi akajibu kwa sauti kubwa zaidi.

Mzee mmoja akainuka, akampa mkono. "Shikamoo," mama akasema, akicheka. Mimi, mwandishi wa makala za kuelimisha umma, nilikuwa wa pili kuinuka.