Uvimbe wa Nimewazoea

Bibi yangu Emerensiana hakuwapenda mbwa. Nalisema hili mapema, kwa sababu wajukuu wengine wa ukoo wetu wakisimulia habari hii humfanya aonekane kama mtu aliyekula na mbwa sahani moja. Uongo mtupu. Kwake yeye mbwa alikuwa mdomo wa ziada wa kulisha na mkia wa kuangusha vyungu. Hata hivyo ulikuwapo msimu mmoja, Maposeni, enzi za Mdachi, ambapo kila asubuhi mume akishakwenda shambani alitoka nje kumpapasa mbwa bega la kushoto.

Mbwa huyo aliitwa Nimewazoea. Siku hizo mtu akiwa na neno na majirani zake hakuwa na haja ya kwenda kugombana nao. Alifuga mbwa, akampa jina, kisha kila jioni akamwita kwa sauti mpaka wahusika wote wakasikia. Aliyempa jina hilo ni Luambano, mume wa kwanza wa bibi, mtu wa maneno mengi na majirani wengi. Luambano alikwenda na wenzake kwenye Vita vya Maji Maji na hakurudi. Hakuna aliyeuona mwili wake, wala aliyejua alianguka mto gani. Wadachi wakachoma maghala, ikaja njaa, watu wakaishi kwa mizizi, na mbwa wa bonde zima wakamalizika. Akabaki Nimewazoea peke yake. Bibi alisema wizi wake ndio uliomponya.

Mbwa akarithiwa na mdogo wake Luambano, yaani Kajetani, babu yangu. Nyumba nayo akairithi. Na mjane, ambaye ndiye bibi, akamrithi pia. (Emerensiana na Kajetani ni majina ya ubatizo waliyoyapata baadaye kule Peramiho, lakini mimi sijui kuwaita vingine.) Kumrithi mke wa kaka halikuwa jambo la ajabu kwa Wangoni. Ajabu ni namna lilivyofanyika. Kwa desturi, mjane harithiwi mpaka matanga ya marehemu yamalizike: pombe ya ulezi ipikwe, watu wamlilie mtu wao, watani wafanye vituko vyao, ndipo wazee wamkabidhi mrithi mkuki wa marehemu mbele ya watu. Sasa, wakati wa njaa, ulezi wa pombe ungetoka wapi? Na nani angethubutu kumpigia ngoma mtu aliyepigana na Mdachi, wakati watu wa boma wanasikiliza? Wazee wakakuna vichwa, wakamwambia Kajetani, "Wewe ingia tu, mtoto wa watu asife njaa."

Akaingia, lakini akaingia kama mgeni. Alibisha hodi kwenye nyumba aliyoiezeka mwenyewe. Alikohoa kabla ya kupita mlangoni. Aliomba maji kwa adabu, akashukuru kwa ugali, akalala barazani na mbwa. Na mke wake alimwita shemeji.

Bibi alimpenda. Aliniambia hivyo hivyo, bila aibu, tukiwa tunamenya mihogo: "Alikuwa kijana mzuri, mpole, ana mgongo wa kulima. Mimi nilikuwa na mume mzuri namna ile anayenishukuru kwa ugali!" Aliamini kwamba mambo yatakwenda polepole na siku moja mtu atasahau kubisha hodi.

Ndipo ukatokea ule uvimbe.

Ulianza mdogo kama punje ya hindi, chini ya ngozi ya bega. Ukakua. Kajetani aliuona akimtoa mbwa kupe, akamwita bibi, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Shemeji, njoo ushike hapa."

Bibi akashika. Ulikuwa mgumu, na wa moto.

"Amejigonga," bibi alisema.

"Hakujigonga. Huyu ni mbwa wa kaka." Kajetani aliketi chini kabisa, kwenye vumbi. "Kaka anasema nimeingia nyumba isiyo yangu. Nilijua tu. Na usiuguse tena, shemeji, hili ni jambo la wenyewe. Akipona, sawa. Akifa, nitakuwa nimeambiwa. Nitarudi kwa mama."

Hebu fikirieni. Mwanamke amefiwa na mume, amepita kwenye njaa, amepata mume mwingine anayempenda, halafu ndoa yake inaning'inia kwenye bega la mbwa asiyempenda hata kidogo! Nami pia, ukitazama vizuri, nilikuwa naning'inia hapohapo. Kajetani angerudi kwa mama yake, habari hii ingesimuliwa na mtu mwingine.

Basi bibi akaanza kumtunza mbwa kwa chuki kubwa. Alimwekea maganda ya viazi yaliyokuwa na viazi. Alimpa mifupa ambayo angeichemsha mara ya pili. Kajetani akiwa shambani, yeye alipapasa lile bega na kuapiza. "Ukifa wewe," alimwambia mbwa, "nitakufufua nikuue mwenyewe." Nimewazoea alimlamba mkono. Uvimbe ukafika ukubwa wa yai la kuku, mbwa akaanza kuchechemea, na Kajetani akaanza kukunja mkeka wake kila asubuhi na kuuegemeza ukutani, tayari kwa safari. Bibi alipouona ule mkeka umesimama alishikwa na hofu ya kweli. Alisema hata wakati wa njaa hakuogopa vile, kwa sababu njaa ilikuwa ya watu wote.

Kisha jumbe akaita watu kwenda kutengeneza barabara ya boma, na Kajetani alikuwa katika zamu hiyo. Akaondoka na jembe lake, akimtazama mbwa kama anayeaga. Hakuwa amefika kwenye kona, bibi ameshainjika chungu cha maji motoni. Jambo la wenyewe au si la wenyewe, yeye alikuwa ndiye mwenye nyumba. Alichovya kitambaa, akamshika mbwa kwa magoti, akaanza kumkanda. Mbwa alipiga kelele zilizofika mtoni. Siku ya pili alipoona chungu tu kinatoa mvuke, alijificha nyuma ya ghala.

Katikati ya kukimbizana huko ndipo alipofika Daimu, Myao wa upande wa Nakapanya, aliyepita Maposeni kila kiangazi akiuza chumvi na kununua nta. Alikuta mwanamke amelowa maji, ameshika mkia wa mbwa, na mbwa amejikita chini ya ghala.

"Hodi, dada! Mna vita tena huku?"

"Karibu, kaka. Nisaidie kumtoa huyu."

"Astaghfirullah! Mimi mbwa simgusi. Nina udhu wangu, na chumvi hii inaliwa na watu." Alitua mzigo wake mbali kabisa, kisha akarudi, maana umbea hauna udhu. "Ana nini?"

"Ana uvimbe. Mume wangu anasema umetoka kwa wafu."

Daimu alizunguka huku na huku, akachutama, akaelekeza kwa fimbo. "Mgeuze, jua lipige hapo. Hapo. Anakwendaga kwenye mihogo huyu?"

"Kila siku ya Mungu."

"Basi. Kwetu mbwa wa mashambani wanavyo hivi mwaka hadi mwaka. Mfu gani atahangaika na bega la mbwa, dada? Huo ni mwiba wa nungunungu. Amemrukia, mwiba umevunjikia ndani, sasa unatafuta mlango wa kutokea. Wewe kanda tu. Pakishang'aa, minya."

"Panang'aa tayari."

"Minya basi, lakini ngoja kwanza nisogee."

Alisogea mpaka kwenye mzigo wake, akageuza uso, akaendelea kutoa maagizo akiwa amefumba macho. Bibi akaminya. Usaha ukaruka, ukampata kifuani, na nyuma yake ukachomoza mwiba, mweusi kwa mweupe, mrefu kama kidole cha shahada. Mbwa alijikung'uta, akanusa, akaenda zake kunywa maji ya chungu cha kumkandia. Bibi alicheka mpaka akaketi. Alimpa Daimu bonge la nta bila kudai hata chembe ya chumvi, na Daimu, aliyemjua kwa ubahili, alisema sasa ndiyo anaamini kwamba kuna jambo la wafu.

Alipobaki peke yake na mwiba mkononi, kicheko kikakatika. Mbwa atapona. Lakini mvua zikija na paa likavuja, je? Kuku akifa? Kajetani akipata kikohozi? Mume wake angeishi maisha yake yote akimsikiliza kaka yake kwenye kila kitu kinachouma, na mkeka ungeegemezwa ukutani tena na tena. Bibi alisema hapo ndipo alipokasirika sawasawa, na hakujua amkasirikie nani.

Kajetani alirudi amekonda, viganja vimechubuka. Nimewazoea alimrukia tangu njiani. Babu yangu akapiga magoti, akapapasa bega, akapapasa la pili akidhani amekosea. Halafu akapiga kelele ya furaha, akainuka, akapita mlangoni bila kukohoa, akautupa mkeka wake ndani ya nyumba.

"Amekubali! Shemeji, kaka amekubali!"

Hapo bibi angeweza kunyamaza. Kila alichokitaka kilikuwa kimeshaingia ndani na mkeka wake. Mimi ningenyamaza, nawaambia kweli. Yeye alifungua pindo la nguo yake, akamwonyesha ule mwiba.

"Kaka yako hana habari, Kajetani. Ni nungunungu. Nilimkanda mimi, nikamminya mimi."

Babu aliutazama mwiba kwa muda mrefu. Furaha ilimtoka usoni kidogo kidogo, na bibi alijuta, alisema alijuta sana.

"Kumbe hajasema neno," Kajetani alisema.

"Hajasema, wala hatasema. Sisi ndio hatujamwambia kitu. Mtu amekufa, hakuliliwa hata na kuku. Ulezi wa mbegu upo. Nitapika pombe."

"Na boma?"

"Boma niachie mimi."

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa jumbe. Huyu jumbe alikuwa amewekwa na Wadachi baada ya vita, akapewa kofia nyekundu ambayo hakuivua hata kwenye jua kali, maana bila kofia alikuwa mtu wa kawaida tu. Bibi alipiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Naomba ruhusa ya kupika pombe na kukusanya watu. Mbwa wetu alikuwa mgonjwa, amepona. Tunataka kufurahi."

Jumbe aliitazama miguu yake mwenyewe. Aliangalia upande wa barabara iendayo Songea, kisha akamwangalia bibi.

"Mbwa gani huyo?"

"Wa kwa Luambano."

"Aa, namkumbuka. Mbwa wa maneno mengi. Tulichunga pamoja. Kuna sheria juu ya ngoma za watu, lakini juu ya ngoma za mbwa sijasikia. Nitakuja mwenyewe, kuhakikisha kwamba ni mbwa."

Pombe ikaiva. Watu walikuja kutoka pande zote za bonde, wengi kuliko walioalikwa, na kila mmoja aliuliza kwa sauti, ili wapita njia wasikie, "Mbwa hajambo?" Nyumba nyingi za Maposeni zilikuwa na mtu wao ambaye hakurudi. Walikaa kwa heshima, wakanywa, wakasifu afya ya Nimewazoea, na hakuna aliyejua aanzie wapi.

Akaanza mtani. Alikuwa mzee mmoja mnene wa ukoo wa watani wao, na alitokea nyuma ya nyumba amejipaka majivu, amevuta tumbo ndani, anatembea kwa kutupa mguu mmoja pembeni, vilevile kama Luambano. Alisimama mlangoni, akavuta ugoro wa uongo, akapiga chafya kama mlango unaovunjika, akafoka, "Mke wangu, ugali uko wapi? Na hawa majirani wabaya wamefuata nini kwangu?"

Watu walianguka kwa kicheko. Bibi naye alicheka, akashika mbavu, akacheka, na katikati ya kicheko sauti ikageuka ikawa kilio. Alimwita Luambano kwa jina lake, kwa nguvu, kwa mara ya kwanza tangu vita. Wanawake wakadakia, kila mmoja na jina lake: mume, kaka, mwana. Kajetani alikuwa amejitupa chini akilia, "Kaka! Kaka yangu!" Wazee walimwinua, wakamtia mkuki mkononi, naye akaushika bila kumwangalia mtu.

Jumbe alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya watu wote. Aliinua mikono, akaivua ile kofia, akaisukuma chini ya kigoda kwa kisigino, kisha naye akataja jina la mwanawe.

Walilia mpaka jua likapinda, pombe ikaisha, na hakuna aliyekumbuka tena kuuliza habari za mbwa.